Macho Makavu Mbele ya Mkwe

Macho yangu ni makavu. Nimeiandika sentensi hiyo kwa shida, kwa sababu niliikana kwa miaka mingi, mbele ya mume wangu, mbele ya dada yangu mkubwa, mbele ya binti yangu, na mbele ya daktari wa macho ambaye hakuwa na kosa lolote ila kusoma udaktari. Hoja yangu ilikuwa moja na niliiona haina jibu: macho yangu hutoka maji. Hutoka maji nikisoma, nikipika, nikitoka barazani upepo ukavuma. Jicho linalomwaga maji haliwezi kuwa kavu, kama bomba linalomwaga maji lisivyoweza kuitwa bomba kavu. Nilisomea mantiki chuo kikuu muhula mzima, na nadhani hicho ndicho pekee nilichobaki nacho.

Kila chozi nililitafutia mshtakiwa. Kulikuwa na vitunguu. Kulikuwa na vumbi la kuta zetu za Mji wa Kale, hapa Mombasa, ambazo zimekuwa zikimomonyoka polepole tangu kabla sijazaliwa. Lakini niliyemsingizia zaidi ya wote alikuwa moshi wa jaa la taka la Kibarani. Kila tulipovuka Makupa kwenda bara macho yaliniwasha, na jaa lile lilikuwa palepale linafuka, hakuna wa kunibishia. Kisha likafungwa. Wakasawazisha, wakapanda miti na nyasi, watu wakaanza kwenda kupiga picha pale. Tukavuka siku moja madirisha ya gari yote yako wazi, hewa safi kabisa, nami nikitiririkwa na machozi kama aliyefiwa.

“Leo ni moshi wa nini?” mume wangu aliuliza huku akiendesha. “Wa nyasi?”

Nilitazama nje, kwa heshima niliyobakisha.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watu wengine na, wakinipa nafasi, kuandika makala yangu mwenyewe. Hukaa chumba cha juu mbele ya kompyuta tangu asubuhi, feni ikinipuliza usoni kwa sababu joto la chumba kile si la kuzungumzia. Binti yangu, ambaye ana kazi yake mjini na huja nyumbani jioni na kunikuta nilivyoachwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua.

“Mama, hupepesi.”

“Sipepesi nini?”

“Macho. Nimekaa hapa nakutazama. Ukiitazama hiyo kompyuta wafanana na samaki wa sokoni.”

Alinipeleka kwa daktari kwa nguvu. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alichukua kijikaratasi chembamba, akakikunja ncha, akakining'iniza kwenye ukingo wa chini wa jicho langu, akaniambia nifumbe na nisubiri. Kijikaratasi hicho hupima machozi; kikirowa vizuri umefaulu. Mimi nimefanya mitihani ya karatasi maisha yangu yote, tena kwa majivuno. Hiki kilitoka kikavu karibu kama kilivyoingia.

“Macho yako ni makavu, mama,” alisema.

Nikampa hoja ya bomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika dawa ya matone, machozi ya bandia ndivyo yanavyoitwa, na akaniomba nirudi. Sikurudi. Matone niliyatia kwenye droo ya vifungo na sindano, na badala yake nikajinunulia mwenyewe dawa ile ya kuondoa wekundu, ambayo hukupa macho meupe kwa saa chache na kesho yake hukurudishia wekundu pamoja na riba.

Na pengine ningeishi hivyo hadi leo, kama binti yangu asingeposwa.

Kijana aliyemposa alikuwa mtu mwema, wa familia ya Kimvita iliyohamia mtaa wa Tononoka zamani. Wawili hao walikuwa wameshakubaliana, na baba zao walishasalimiana msikitini kwa namna ile ya wanaume, ya kuzungumza kila kitu isipokuwa jambo lenyewe. Lakini kwetu, kabla wanaume hawajakaa rasmi, wanawake wa upande wa mume huja nyumbani. Wanakunywa kahawa, wanaonja halwa, wanatazama mapazia, na mama anamwuliza mama mwenzake. Hapo ndipo mambo hukamilika au huharibika. Yanayofuata msikitini ni matangazo tu.

Mama wa kijana nilikuwa namjua kwa sifa. Hushona na kutarizi mabuibui, na inasemekana mshono wake huoni ulipoanzia. Alikuja na wifi zake wawili, mrefu, mnyamavu, akakaa mkao wa mtu asiyeegemea mto. Na alinitazama. Alikuwa na macho mekundu, nayo hayakupepesa hata mara moja. Nikasema moyoni, huyu amekuja na hasira zake kutoka nyumbani.

Sasa naomba msomaji aione sebule yetu. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Kiyoyozi kinapuliza moja kwa moja nilipokaa, kwa kuwa mwenye nyumba hukaa karibu na mlango. Mimi nimepaka wanja kama alivyopaka mama yangu na mama yake, ndani kabisa ya kope ya chini, palepale kwenye unyevu, au panapotakiwa kuwa na unyevu. Na dada yangu mkubwa, mkuu wa udi katika kila shughuli ya ukoo wetu, ameamua kwamba wageni hawa watatambua wamefika nyumba ya watu. Alikuwa ametia kwenye chetezo udi wa kutosha kufukiza harusi yenyewe, na hata mapacha watakaozaliwa.

“Dada yangu,” mama wa kijana alianza, nami nikaona watu wote wameweka vikombe chini. “Tumekuja kwa kheri. Twamtaka binti yenu awe binti yetu. Baba zao wana yao. Mimi nakuuliza wewe, mama. Moyo wako wasemaje?”

Moyo wangu ulikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa, nimeihariri, nimeondoa vivumishi. Nikafungua mdomo, na moshi na kiyoyozi vikafika kwa pamoja.

Sisemi “yalinilengalenga.” Yalimwagika. Yalishuka mashavu yote mawili yakiwa yamebeba wanja wote niliopaka asubuhi ile, mistari miwili myeusi mpaka kidevuni, na katikati ya mistari hiyo mdomo wangu ukawa unasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa moshi, “Nimefurahi sana.”

Dada yangu aliniinamia sikioni.

“Jifute,” dada yangu alininong'oneza. Nikajifuta kwa ncha ya mtandio. Wifi mmoja aligeuza uso, na nilipojiona baadaye kwenye kioo nilimwelewa. Nilifanana na mtu anayepakua mkaa bandarini.

Kwetu msichana akiulizwa kuhusu mchumba naye akanyamaza, kimya chake ni ridhaa, hilo linajulikana. Mama akiulizwa akamwaga machozi meusi, hilo halikuwa na sheria, na pasipo na sheria wanawake wa Mombasa huitunga papo hapo. Mama wa kijana alimaliza kahawa yake kwa adabu, akasema joto limezidi, akaondoka na wenzake kabla ya kunyunyiziwa marashi. Mgeni kuondoka bila marashi nyumbani kwetu si jambo dogo. Dada yangu alibaki amesimama na mrashi mkononi.

Habari zikaja kwa mdomo wa mtu wa pembeni: kijana kwanza amalize mambo yake ya kazi. Katika lugha ya wakwe hiyo ndiyo kwaheri. Walikuwa wamedhani, maskini, kwamba mimi nalazimishwa, na wakaona bora wajitoe wao kwa heshima kuliko wasubiri kukataliwa.

Binti yangu alipanda juu, akasimama mlangoni mwa chumba changu cha kazi.

“Mama, kama humtaki, useme.”

“Namtaka.”

“Mbona ulilia?”

“Sikulia.”

“Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuona.”

“Yalikuwa macho tu, mwanangu. Ule moshi…”

“Usiniambie moshi,” alisema. “Sote tulikuwa ndani ya moshi. Hata khalati, dada yako aliyewasha udi, hakulia.”

Kisha yeye mwenyewe akalia. Na aibu yangu ni hii, kwamba huku moyo ukiniuma niliyatazama machozi yake kwa wivu. Yalikuwa machozi mazuri, yenye afya, yalikuja yalipohitajika, yakalainisha jicho, yakakoma. Ndipo nilipokwenda kwenye ile droo ya vifungo na sindano.

Daktari hakuonyesha kushangaa kuniona, jambo ambalo nililihesabu kuwa fadhila. Alinieleza upya, na safari hii nilifunga mdomo. Juu ya jicho, alisema, pana utando mwembamba sana wa machozi, na juu ya maji hayo pana mafuta kidogo yanayoyazuia yasikauke. Mafuta hutoka kwenye vitundu vidogo vilivyo ukingoni mwa kope. Vyangu vimeziba. Maji yanakauka upesi, jicho linachoma, linaita msaada, na msaada unakuja wote kwa mkupuo, maji matupu yasiyo na mafuta. Hayakai. Yanapita, yanashuka mashavuni, na jicho linabaki kavu kama lilivyokuwa. Nilimwelewa mara moja kwa sababu nimeandaa harusi nyingi. Watu huja kwa wingi, hula pilau, huondoka, na masufuria yanabaki palepale.

Nilimwuliza kama ni maradhi ya ajabu. Nilitarajia kidogo yawe ya ajabu. Akacheka. Ni katika yale anayoyaona zaidi pale kliniki, alisema, na wengi wanaoyapata hawaji kabisa. Huwapata hasa wanawake wa umri wangu, hedhi inapoanza kuaga. Huwapata watu wa kompyuta na simu, kwa sababu akitazama kioo mtu husahau kupepesa. Huwapata wanaokaa mbele ya feni na kiyoyozi, wanaovaa lenzi, wanaomeza dawa fulani za mzio. Kila kundi alilolitaja nilikuta nimeshakaa ndani yake, isipokuwa la lenzi.

“Na nitapona lini?”

“Si ugonjwa wa kupona ukaisha, mama. Ni wa kutunza. Kama nywele. Huziponyi nywele, unazichana kila siku.”

Basi ndivyo ninavyoishi sasa. Asubuhi na jioni naweka kitambaa cha maji ya moto, moto wa kuvumilika, juu ya macho yaliyofumbwa, mpaka yale mafuta yaliyoganda yalegee. Kisha nazikanda kope taratibu kwa kidole na kusafisha mashina yake. Matone natia mchana kutwa, yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja, yasiyo na dawa ya kuyahifadhi, kwa kuwa natia mara nyingi. Ile dawa ya wekundu nimeitupa. Feni imegeuzwa, inapuliza vitabu, navyo havijalalamika. Wanja siutii tena ndani ya kope. Na kila nikihariri ukurasa mmoja natazama dirishani kwa jirani na kupepesa, kupepesa kwa kweli, kope zikutane. Jirani ameanza kufunga dirisha lake.

Macho yalianza kutulia. Nyumba haikutulia. Binti yangu alikuwa akiniletea chai bila kusema neno, ingawa asubuhi moja nilipokuwa nimelala na kitambaa kilichopoa usoni, nilihisi kikichukuliwa, nikasikia maji yakikamuliwa, kikarudishwa kikiwa moto.

Ilibidi nimweleze mkwe. Lakini jambo kama hilo kwetu halisemwi hivihivi. Mtu mwenye neno zito la kumwambia mwenziwe humpelekea leso, yaani kanga, na leso ikasema kwa maandishi yake. Nikamchukua dada yangu tukaenda Biashara Street, kwa mwenye duka ambaye ukoo wake umeuza leso hapo tangu enzi za bibi yangu.

“Wataka ya maneno gani, mama?”

“Ya kumwambia mkwe kwamba sikulia.”

Mzee alifikiri. “Ya kumwambia umelia, ninazo. Ya kumwambia yeye atalia, ninazo nyingi, zatoka sana. Kwamba hukulia, hapana.”

“Hata ya maradhi ya macho?”

“Mama, leso ni vazi. Nani atajifunga maradhi kiunoni?”

Alitukunjulia hata hivyo, moja baada ya moja, na kila palipotajwa jicho palikuwa na hasidi, na kila palipotajwa chozi palikuwa na msiba au mke mwenza. Dada yangu alisema nikipeleka yoyote kati ya hizo Tononoka, tutahitaji wapatanishi kutoka Lamu. Mzee naye, katikati ya kukunjua, alifungua saraka ya meza yake, akatoa kichupa, akarudisha kichwa nyuma, akatia tone moja kila jicho. Nilikitambua kichupa.

“Daktari asema ni makavu,” alisema akijifuta. “Mimi nasema ni vumbi la nguo. Kwani makavu yatatoka maji?”

Nilimwangalia kwa mapenzi makubwa. Nilipogeuka, dada yangu alikuwa anatazama viatu vyake.

“Na wewe?” nikamwuliza.

“Natia. Tangu kabla yako.”

“Na hukuniambia?”

“Ningekwambiaje? Kila nikifungua mdomo wanihubiria mabomba.”

Tulinunua leso ya maneno ya kutakiana kheri tu, ambayo hata mgomvi hodari angeshindwa kuyageuza. Ndani ya mkunjo wake nikatia boksi la matone, jipya, halijafunguliwa, liwe ushahidi. Dada yangu akaipeleka Tononoka, na maneno haya: ndugu yangu hakulia, anamtaka kijana wenu, ana maradhi ya macho makavu, na dawa yake ni hii.

Alirudi kabla ya adhuhuri.

“Alisemaje?”

“Alinitazama.”

“Kwa macho gani?”

“Mekundu. Kisha akaniuliza: macho makavu yatatoaje machozi?”

Nikakaa chini. Hoja yangu mwenyewe, ile isiyo na jibu, ilikuwa imehamia Tononoka.

Baada ya hapo hapakuwa na habari. Kijana alikuwa akimpigia binti yangu na kumwambia asubiri, mama yake anafikiri. Na binti yangu alikuwa akisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Siku ile simu ilipolia ilikuwa alasiri, nami nimelala na kitambaa changu usoni. Aliipokea yeye, akasikiliza, akaweka sauti ya nje na kuisogeza karibu na sikio langu.

“Salaam aleikum,” ilisema sauti ya mama wa kijana.

“Waleikum salaam warahmatullah.”

Tukaulizana hali. Tukaulizana wazee, watoto, joto, maji kukatika, miguu ya wifi yake mkubwa. Nilimsikia binti yangu akivuta pumzi kila swali.

“Kile kitambaa cha moto,” mkwe akasema mwishowe, “wakiweka muda gani?”

Nikakiondoa usoni. “Mpaka kipoe. Kisha nakirudia.”

“Mimi changu chapoa upesi.”

“Chako?”

“Nimekwenda kwa daktari wako. Nilikwenda kumwambia ni mwongo. Akanitia kijikaratasi.”

“Kilirowa?”

“Hata upana wa ukucha.”

“Changu kilirowa kidogo,” nikasema.

“Basi nimekushinda,” alisema, na nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanamke huyu huweza kucheka. “Asema ni cherehani. Nikitarizi sipepesi. Miaka yote nimewaambia watu ni mafua.”

“Siku ile ulinitazama sana, dada yangu. Nilidhani wanichukia.”

“Sikuwa nakutazama. Sikuwa nakuona. Yalikuwa yaniwaka kwa udi wenu, na nilijua nikiyafumba hayatafunguka mbele ya watu. Nami nilidhani walazimishwa.”

“Silazimishwi. Nilikuwa nimefurahi. Nilisema.”

“Ulisema. Lakini ule uso.”

“Na yale mambo ya kazi ya kijana?”

“Yamekwisha leo asubuhi,” alisema bila hata kusita. “Mwambie mumeo, wanaume wanakuja Ijumaa baada ya swala. Na binti yangu yuko wapi?”

Binti yake alikuwa amekaa kitandani kwangu, amejifunika mdomo kwa kitambaa changu kilicholowa.

“Yupo. Amenyamaza.”

“Basi amekubali. Lakini nina neno moja.”

“Sema.”

“Daktari asema tukijitunza haya machozi yatakoma.”

“Ndivyo alivyoniambia.”

“Sasa fikiri. Siku ya nikaha wewe na mimi tumekaa mbele, wanawake wote wa mji wanatutazama, na macho yetu yametulia tuli. Watasemaje?”

“Watasema tulikuwa na haraka ya kuwaondoa watoto nyumbani.”

“Basi siku ile, dada yangu, matone tuyaache nyumbani. Na dada yako mwambie udi atie vilevile kama alivyotia tulipokuja.”